Mpemba yupi, fundi?

Mwezi wa pili Moshi huwa kama sufuria iliyofunikwa. Mlima umejificha, upepo hamna, na kila mwenye friji anagundua siku hiyohiyo kwamba friji lake lina tatizo. Ndiyo miezi yangu ya mavuno. Jumanne moja, saa nne asubuhi, mama mmoja anayeuza barafu za ukwaju jirani na shule ya msingi alitokea karakana kwangu Majengo, kitenge kimekazwa kiunoni, hatua za mtu anayekuja kudai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, friji lako haligandishi."

Friji si langu. Desemba nililibadilishia relei na kulijaza gesi, basi. Lakini hapa mjini fundi akishaweka bisibisi kwenye kitu cha watu, kitu hicho ni chake mpaka kiama. Nikamchukua kijana ninayemfundisha kazi, tukapanda boda mshikaki mpaka Pasua.

Nilibana mita kwenye waya: ampea 0.9. Kompresa inanguruma vizuri, bomba la nyuma linachoma kiganja kama inavyotakiwa, raba ya mlango inashika. Friji zima kabisa. Nikafungua kile chumba cha kugandishia juu, na kabla sijaona kitu nikapigwa na mvuke usoni. Ndani, juu ya theluji ya unene wa vidole viwili, vikombe vimepangwa safu kwa safu, ukwaju unafuka kama supu ya sokoni Mbuyuni.

"Mama, hivi umeviweka saa ngapi?"

"Sasa hivi, nilipokuja kukuita. Ya asubuhi imegoma, nimeitoa. Watoto wanatoka saa saba, nifanyeje?"

"Sasa mbona unaweka moto?"

Aliniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mwanafunzi. "Moto ndiyo inawahi, mwanangu. Siku zote naweka moto. Leo tu ndiyo imekataa."

Kijana wangu akacheka. Mimi sikucheka. Nimefanya kazi ya majokofu miaka ishirini na mbili, na kila mteja nampa somo lilelile: usiweke cha moto, unaitesa kompresa. Mama huyu hajasoma fizikia, na alichosema kinabishaniwa na maprofesa mpaka leo. Nikamwambia, "Mama, hilo unalofanya lina jina duniani. Linaitwa Mpemba."

"Mpemba yupi, fundi?"

Hapo simu ikaita. Mteja wa Rau, friji limejaa samaki, limezima tangu usiku. Nikasema nitarudi kueleza, nikaondoka. Kosa langu.

Alhamisi niliporudi mtaa mzima ulikuwa na jibu. Mama alifanya kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya: alikwenda dukani kwa Mpemba akamuuliza.

Wasomaji wa mbali niwaeleze kidogo. Ukiwa Dar es Salaam ukasikia mtu anamtuma mtoto "kwa Mangi", hamtumi kwa mtawala. Anamtuma duka la mtaani. Mangi ni cheo cha watawala wetu wa Uchagani. Mangi Meli wa Moshi alipigana na Wajerumani, nao wakamnyonga mwaka 1900. Wachaga walipokwenda kufungua maduka mijini, wateja wakawaita kwa cheo hicho, na leo jina la kutetemekewa limeishia kwenye nusu kilo ya sukari na kiberiti. Mitaa mingine duka hilohilo linaitwa "kwa Mpemba", kwa sababu ileile, maana Wapemba nao kwa duka hawajambo. Huku kwetu Moshi kila mwenye duka ni Mangi kwa kuzaliwa, kwa hiyo Mpemba wetu mmoja wa pale kona anajulikana kuliko diwani.

Alipoulizwa habari za kugandisha ukwaju wa moto alikataa kwanza. "Mie sina habari hiyo, mama. Kwetu barafu twanunua kama nyie." Ilipofika Jumatano jioni, baada ya kuulizwa na watu watano, akaona si vibaya. Alhamisi nimemkuta anamweleza dereva wa bajaji kwamba wazee wa Pemba walijua mambo mengi sana ya maji.

Sasa nimekaa kuandika, maana nimechoka kueleza mdomo mtupu.

Mpemba wa barafu ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kule kwenye baridi ya Usambara. Wavulana walikuwa wakinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wanayachemsha, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanagombania nafasi kwenye friji wapate aiskrimu. Trei chache, wavulana wengi. Siku moja Mpemba anachemsha maziwa yake, mwenzake akaona atachelewa: akachanganya maziwa mabichi na sukari, akakimbilia trei. Mpemba akaona akingoja yapoe atakosa trei ya mwisho. Akajitosa, akayaweka ya moto, friji life lisife. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kuangalia. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado uji.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akakutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia wao huweka ya moto ili igande haraka. Yaani wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na habari hiyo kabla ya maprofesa, sawasawa na mama yangu wa Pasua.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda. Mpemba alipanda Iringa, Sekondari ya Mkwawa, kidato cha tano. Mwalimu wa fizikia akafundisha kupoa kwa vitu, kijana akainua mkono akauliza lilelile. Akabishana. Mwalimu akamaliza kwa kusema hiyo si fizikia ya ulimwengu, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa likaanguka kicheko. Tangu siku hiyo akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Akikosea chochote, ni cha Mpemba. Ameyaeleza mwenyewe kwa maandishi.

Kwa hiyo jina lake lilikuwa neno la kawaida kabla halijawa neno la sayansi. Ndani ya darasa moja Iringa, "ya Mpemba" ilikuwa na maana kamili: kitu kilichokosewa kwa kujiamini. Sijui kama kuna mwanasayansi mwingine ambaye jina lake lilipita njia hiyo, kuanzia matusi kwenda heshima.

Halafu akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vya maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? (Iringa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini tumsamehe, naye alikuwa na haraka.) Wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka sana. Aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akarudi na majibu: ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Huyo fundi nampenda kama ndugu. Ndivyo tulivyo, mita ikisoma tusichokitaka tunaigonga.

Mpemba na Osborne wakaandika makala pamoja, ikatoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo kijana hakuwa kwenye maabara yoyote ya fizikia. Alikuwa hapahapa kwetu, Mweka, kwenye chuo cha usimamizi wa wanyamapori, akisomea tembo na nyati. Akaja kuwa ofisa wa wanyamapori. Chuo cha Mweka chenyewe kilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule wa maziwa ya Lushoto. Nimepanda barabara ile ya Mweka na gesi begani zaidi ya mara hamsini, migomba na kahawa pande mbili, kwenda kufufua mafriji ya watu, na miaka yote hiyo sikujua kwamba Mpemba wa friji alipita palepale. Nilijua habari zake nikiwa na miaka arobaini na moja, kutoka kwa mzungu mmoja mpanda mlima aliyekuja kutafuta fyuzi. Kusikia jina la Mtanzania mwenzangu kwa mtu wa Norwei, aliyelitamka vibaya, iliniuma kidogo.

Turudi kwenye friji la mama. Nyuma ya kila friji kuna kibao kidogo cha bati au karatasi. Cha kwake kimeandikwa 230V, 50Hz, 0.9A, 120W. Sisi Wachaga huzika wazee wetu kwenye kihamba, katikati ya migomba, ukienda kukata ndizi unapita kaburi la babu. Kibao cha friji ndivyo kilivyo, kila herufi pale ni jina la mtu. Volta amelala pale, Mwitaliano aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Ampère Mfaransa. Hertz Mjerumani, aliyethibitisha mawimbi ya redio kisha akafa mwaka 1894 akiwa na miaka 36 tu. Na Watt, Mskoti wa injini za mvuke. Unapita juu yao kila siku ukichukua maziwa.

Watt ndiye ananichekesha zaidi. Alifariki mwaka 1819. Taa ya umeme ya nyumbani hakuiona. Friji hakuliona. Jina lake lilipendekezwa kuwa kipimo mwaka 1882 na William Siemens, miaka sitini na mitatu tangu azikwe, na leo mtoto wa darasa la pili Moshi anatumwa dukani akanunue "taa ya wati tisa" na anarudi na chenji sahihi. Kiswahili kimempa irabu ya mwisho, kikamvua herufi kubwa, akawa wa kwetu. Wakati huohuo kwenye gari lenye injini ya mvuke, kazi yake hasa, Kiswahili hakikumtaja kabisa. Kiliangalia kinachotoka bombani kikasema: garimoshi.

Hiyo herufi kubwa ina kanuni yake. Wenye vipimo vya kimataifa wamekubaliana kwamba jina la kipimo likiandikwa kirefu linaanza na herufi ndogo, hata kama ni jina la mtu. Ufupisho ndio unabaki na herufi kubwa. W ni kubwa, wati ni ndogo. Ampea ndogo, A kubwa. Celsius peke yake ndiye bado anatembea na herufi yake kubwa kwenye maandishi yao, na tena mwenyewe mwaka 1742 alikiweka kipimo chake kichwa chini miguu juu: sifuri yanapochemka maji, mia yanapoganda. Alipokufa ndipo kikageuzwa. Sisi hata hivyo tumemkwepa, tunasema nyuzi, basi. Herufi ndogo kwangu mimi ndiyo alama. Siku mtu anaandika jina lako kwa herufi ndogo bila kukusudia kukudharau, umeshakuwa neno.

Wengine hawakutaka. Wilhelm Röntgen alipoona miale mipya mwaka 1895 aliiita X, maana hakuijua ni nini. Wenzake wakataka iitwe kwa jina lake, na Wajerumani mpaka leo wanasema Röntgen hospitalini. Wajerumani hao walikaa huku, wakatuachia neno shule, lakini hilo la pili halikushika. Niliteguka kiwiko mwaka juzi nikapigwa "eksirei". Akaponea chupuchupu, au akakosa, sijui useme vipi.

Na kuna Kelvin. Kwenye boksi la taa utaona 6500K, maana yake mwanga mweupe wa dukani, na ukiona 3000K ni ule wa manjano kama wa kibatari, usiununulie karakana. K hiyo ni Lord Kelvin. Lakini Kelvin hakuzaliwa Kelvin, alikuwa William Thomson. Alipopewa ulodi mwaka 1892 alijiita kwa jina la mto Kelvin, unaopita jirani na chuo kikuu alichofundisha Glasgow. Kwa hiyo mto ukawa bwana mkubwa, bwana mkubwa akawa kipimo cha joto, na safari haijaishia hapo, maana nenda darasa lolote la Kilimanjaro uite "Kelvin!" uone wanageuka wangapi. Mwanangu wa mwisho ana rafiki Kelvin wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi. Hakuna mzazi hata mmoja aliyefikiria mto wa Uskoti pale ubatizo.

Mwingine wa pembeni: Joule, mwenye juli. Familia yake walikuwa na kiwanda cha bia. Nikimwambia mzee wa huku Kibosho kwamba kipimo cha nishati ya dunia nzima kimetoka kwa mtoto wa mpika pombe, ataagiza mbege nyingine kwa heshima ya marehemu.

Basi tatizo la Mpemba ni lipi? Huko nje jina lake limeshafika mbali kuliko aiskrimu. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa mtu atakayeeleza vizuri kwa nini ya moto huwahi kuganda, na majibu yakaja zaidi ya 22,000. Wanafizikia sasa wana Mpemba wa kinyume: kitu cha baridi kinachowahi kupata moto kuliko cha uvuguvugu. Wana Mpemba mwenye nguvu. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha majaribio ya Kumar na Bechhoefer wa Kanada, waliyoyafanya kwa chembe moja ndogo isiyoonekana kwa macho ndani ya maji, hakuna barafu wala maziwa, na bado wakaiita Mpemba. Wengine wanamtafuta kwenye atomi. Jina likianza kupewa vivumishi na kuhamia kwenye vitu ambavyo mwenyewe hakuvigusa, hilo ni neno tayari.

Hapa nyumbani ndipo linapokwama, na nadhani najua sababu. Kiti kina mtu. Wati, volti, ampea, hayo yalikuta kwetu nafasi tupu, hakuna mtu aliyekuwa akiitwa wati. Mpemba ilikuwa neno karne nyingi kabla ya Erasto: mtu wa Pemba. Ukisema "Mpemba" Mswahili haoni maziwa, anaona duka, karafuu, lafudhi. Uzunguni wanalisikia kama jina tupu lisilo na maana, ndiyo maana wamelitumia kwa raha.

Nilikuwa nimekata tamaa hapo, mpaka binti yangu akanipa dawa bila kujua. Anaweka video zake za kusuka nywele mtandaoni, na wiki hiyo alikuwa amenuna.

"Baba, algoridhimu imeninyima watu."

Anaitaja kama mtu. Kama mjomba mbaya. Na ni mtu kweli. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad karne ya 9, ndiye aliyeandika kitabu ambacho kwenye jina lake ndimo lilimotoka neno aljebra, al-jabr. Walatini walipotafsiri kazi zake jina lake likawa Algoritmi, na humo ndimo ilimotoka algoridhimu inayomnyima binti yangu watazamaji. Sasa al-Khwarizmi maana yake nini? Mtu wa Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa bahari ya Aral. Yaani Mkhwarizmi. Kama vile Mpemba.

Nilimrudia binti mara tatu kumweleza hilo, hakuona cha ajabu. Mimi nililala nalo. Huyo naye alikuwa na jina ambalo kwao lilimaanisha mtu wa mahali fulani tu, na kwao bila shaka walikuwako wengi wenye duka. Neno halikuzaliwa kwao. Lilizaliwa kwa wageni walioshindwa kulitamka, likazunguka dunia miaka mingi, sasa limerudi kwenye simu ya mtoto wa Majengo kama kitu kipya. Huenda Mpemba naye atarudi hivyohivyo, ameharibika matamshi, tusimtambue.

Mnataka kujua kama ni kweli. Najua. Kila ninayemsimulia anauliza hilo, na wengine wamekasirika na jibu.

Wakubwa hawajakubaliana. Aristotle aliandika habari kama hizo, Bacon na Descartes nao. Lakini mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima kwa makini wakasema hawajaona ushahidi wa maana, na kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini unaweza kujidanganya kabisa. Upande wa wanaokubali kila mmoja ana sababu yake: ya moto hupungua kwa mvuke kwa hiyo inabaki kidogo ya kugandishwa, hupoteza hewa iliyoyeyuka ndani, huzunguka zaidi chomboni. Na kuna sababu moja ambayo fundi friji haitaji profesa amweleze. Chombo cha moto kikikaa juu ya theluji ya friza kinaiyeyusha, kinazama, kinagusana na bati lenyewe lenye baridi. Cha baridi kinakaa juu ya theluji kama mtu aliyelala kwenye godoro.

Nilijaribu. Vikombe viwili vya bati, maji ya bomba, usiku saba, kwenye friji la karakana. Usiku tano ya baridi yalishinda. Usiku mbili ya moto yalishinda, na usiku zote mbili ni zile ambazo sikukwangua theluji. Siapi kwa hilo. Halafu nikagundua sijui hata ninapima nini: kuganda ni pale utando wa kwanza unapotokea juu, au pale kijiko kinapogonga kikalia? Mke wangu akauliza kwa nini fundi friji anaamka saa nane usiku kuchungulia friji zima.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Pasua na kauli moja. Ile Jumanne mama alikuwa amejaza vikombe arobaini vya moto kwa mpigo, karibu lita tano. Kuyatoa maji ya lita tano kutoka nyuzi 90 mpaka 25 ni kilojuli 1,365 za joto, sawa na uniti 0.4 ya luku, hiyo ni kabla hata ya kuanza kuganda. Kifriji kile hakina ubavu wa kuyapoza na kuyagandisha yote kwa saa tatu. Siku nyingine alikuwa akiweka kumi kumi, kwenye theluji, na vilimwitikia.

"Weka sufuria kwenye beseni la maji kwanza, mama. Nusu saa tu. Maji ya bomba ni bure kuliko umeme."

"Na Mpemba?"

"Mpemba muwekee vikombe kumi. Asilemewe."

Akaniuliza kama yule Erasto alilipwa kwa kutumia jina lake. Nikamwambia majina hayalipwi. Akasema basi afadhali Mpemba wa dukani, yeye angalau anapata wateja. Kisha akanipa barafu mbili za ukwaju badala ya hela ya nauli, na sikukataa, jua lilikuwa kali.

Jioni nilifungua daftari la kazi kupanga hesabu za wiki. Kijana wangu huandika mwenyewe, mwandiko wa kuku, nami husahihisha. Mstari wa Jumanne ulikuwa umeandikwa hivi: "Pasua, mama barafu. Friji zima. Mteja ameweka mpemba nyingi. Kuangalia 5,000, hajalipa."

Nilishika kalamu nisahihishe ile m. Nikaiacha.